Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya kocha wa mbio ndefu Mombasa

Saa tisa na nusu usiku

Kazi ya Jumamosi huanzia jikoni, kwa kinywaji cha wakimbiaji. Kila lita ya maji inatiwa gramu 60 za sukari, yaani vijiko vikubwa vitano vya kusawazisha, robo kijiko cha chai cha chumvi, na maji ya ndimu moja. Sukari na chumvi ziyeyushwe kwanza kwa maji moto kidogo, ndipo maji baridi yaongezwe. Ukizitupa kwenye maji ya barafu zinatuama chini: mkimbiaji wa kwanza anakunywa maji matupu, wa mwisho anakunywa shira.

Kipimo hiki kina sababu zake. Gramu 60 kwa lita ni asilimia 6, kiasi ambacho tumbo hukipitisha upesi hata mtu akiwa anakimbia. Ikifika asilimia 10 na zaidi, kama ilivyo soda, kinywaji kinakaa tumboni, na matokeo yake ni kichefuchefu, kichomi au kuharisha. Robo kijiko cha chumvi ni gramu moja na nusu hivi, na ndani yake mna karibu miligramu 600 za sodiamu. Sukari ya kawaida ya dukani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia damuni, kwa hiyo kwa kazi hii haina haja ya kuonewa haya mbele ya pakiti za bei mbaya. Madafu ni matamu na yana potasiamu tele, lakini jasho linatoa sodiamu zaidi, na huko ndiko madafu yanakopungukiwa. Tunayanywa baada ya mbio.

Saa kumi alfajiri wakimbiaji wanakula makwao: vipande viwili vya mkate mweupe, kijiko kikubwa cha asali juu yake, na kikombe cha sturungi, chai isiyo na maziwa. Hapo mtu ana gramu 45 hivi za wanga, mafuta hakuna. Hamri la jana usiku, lenye nazi na mafuta ya kukaangia, lisubiri. Anayelila sasa tutakutana naye kilomita ya nane ameshika ubavu.

Saa kumi na moja kasorobo

Mizani kabla ya saa ya mkononi. Huo ndio mpango wetu, na ndiyo tofauti kubwa ya kufundisha pwani na kufundisha Iten, mji wa wakimbiaji huko bara. Kule, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na asubuhi ni ya baridi. Huku oksijeni imejaa, ila joto na unyevu ndivyo vinavyotoza ushuru. Programu ya Iten ukiinakili Mombasa pamoja na kasi zake, umemwandikia mtu ugonjwa.

Mizani ni ya betri, inaonyesha tofauti ndogo hata ya gramu 100, na inawekwa juu ya sakafu ngumu. Juu ya mchanga au zulia inadanganya. Mtu anapimwa baada ya kwenda haja, bila viatu, akiwa na nguo kavu na nyepesi kadiri inavyowezekana. Kinadada wanapimwa ndani na kocha msaidizi wa kike. Anayekimbia na buibui la michezo au hijabu anakuja na seti mbili za nguo zilizo sawa, moja ya kupimiwa kabla na moja kavu ya kupimiwa baadaye, kwa kuwa nguo iliyolowa jasho huongeza uzito na kuharibu hesabu yote.

Saa kumi na moja na robo

Tunaondoka kabla jua halijachomoza. Mzunguko ni wa kilomita 5, kuanzia bustani ya Mama Ngina, na unarudiwa mara nne. Mzunguko mfupi unachosha macho, lakini chupa zinabaki mahali pamoja kwenye sanduku la barafu nyuma ya tuktuk, na anayeharibikiwa hayuko mbali na msaada. Mbio za ufukweni huko Nyali zinapendeza, ila zina sharti la maji: siku za bamvua, maji yanapojaa sana, alfajiri mchanga mgumu umefunikwa, na kilichobaki ni ule laini wa juu wenye mteremko, ambapo mguu mmoja unakimbia chini kuliko mwingine na nyonga zinalipa.

Njia inapita ubavuni mwa uwanja wa gofu, pale palipofanyika Mashindano ya Dunia ya mbio za nyika tarehe 24 Machi 2007. Kenenisa Bekele, aliyekuwa bingwa kwa miaka mfululizo, aliachia njiani mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akaondoka na dhahabu. Wengi walizidiwa na joto siku ile, na hao walikuwa wakimbiaji bora duniani. Kwa hiyo mtu wa kawaida asione aibu kupunguza mwendo mwezi wa Machi.

Kupunguza kwa kiasi gani? Tunafuata mapigo ya moyo na pumzi. Mkimbiaji ambaye wakati wa kusi anakwenda taratibu kwa dakika 5:30 kwa kilomita, kaskazi ikiingia na joto lake anaweza kuhitaji 5:50 au hata 6:00 kwa mapigo yale yale. Akiweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi, yuko mahali pake. Alfajiri kuna mtego pia: kipimajoto kinasoma chini, lakini unyevu uko juu kabisa. Jasho linachuruzika badala ya kukauka mwilini, na jasho linalodondoka barabarani halijakupoza kitu.

Kila dakika 20 mtu anakunywa alichopangiwa. Wanaozoea kula njiani wanaongeza tende ndogo tatu kwa saa, zilizotolewa kokwa na kukatwa nusu nyumbani, kwani kutafuna tende nzima huku unahema ni kujitafutia kupaliwa. Tumbo nalo hufundishwa: anza na gramu 30 za wanga kwa saa, ongeza 10 kila wiki hadi 60. Ambaye hajawahi kulifundisha halafu anajaribu gramu 90 siku ya marathoni, choo cha njiani kitamjua kwa jina.

Saa moja na robo asubuhi

Jifute, badili nguo, panda mizani. Haya ndiyo mahesabu ya fundi mmoja wa bandarini: kabla kilo 64.0, baada ya saa mbili kilo 62.3, na njiani amekunywa lita 1.1. Kilo 1.7 zilizopungua ukijumlisha na lita 1.1 unapata lita 2.8 za jasho, yaani lita 1.4 kwa saa. (Akikojoa njiani, mkojo huo unatolewa kwenye hesabu.) Amepoteza zaidi ya asilimia 2.6 ya uzito wake. Tunataka isizidi 2, yaani kilo 1.3 hivi, kwa hiyo safari ijayo anahitaji lita 1.5 kwa saa mbili: mililita 250 kila dakika 20. Kinywaji chetu kwa kiasi hicho kinampa gramu 45 za wanga kwa saa, na tende tatu zinamsogeza karibu na 60. Hatumlazimishi kurudisha jasho lote, hakuna tumbo la mkimbiaji linalobeba lita 1.4 kwa saa kwa raha.

Kuna kosa la upande wa pili, na hili ndilo linalotutia hofu zaidi.

“Kocha, mimi leo sikupungua, nimeongezeka gramu mia tatu!”

“Hiyo si sifa, dada. Umekunywa kuliko ulivyotoka jasho.”

Maji yakizidi, sodiamu ya damu inazimuka. Dalili ni kichwa kuuma, vidole kuvimba hadi pete inabana, kichefuchefu, na mambo yakiharibika, kuchanganyikiwa. Huyo usimwongezee maji. Tatizo ni kwamba kwa mbali anafanana na aliyekaukiwa, na mizani ndiyo inayowatenganisha. Huwapata sana wanaokimbia polepole kwa saa nyingi, kwa kuwa wana nafasi ya kunywa kila kituo.

Saa mbili

Sasa mahamri yana ruhusa, pamoja na mbaazi za nazi. Ndani ya saa ya kwanza tunalenga gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya mwili na gramu 20 za protini, na kwa protini hiyo mbaazi peke yake hazitoshi, zinasindikizwa na mayai mawili. Kila kilo moja iliyopungua inarudishwa kwa lita moja na nusu ya kinywaji, kidogo kidogo hadi adhuhuri.

Saa nne

Mafaili. Takwimu za saa za mkononi zinaingia kwenye simu, na cha kwanza kuangaliwa ni mapigo ya nusu ya kwanza dhidi ya nusu ya pili kwa kasi ile ile. Kutoka 142 hadi 149 si neno. Kutoka 142 hadi 158 ni asilimia 11, na hapo tunarudi kwenye karatasi ya mizani: amekaukiwa, amelala vibaya, au alianza kwa kasi isiyo yake? Mara nyingi ni la tatu, na mara nyingi anakataa.

Ramadhani ratiba hii yote inapangwa upya. Mbio nyepesi zinawekwa dakika 40 kabla ya futari, ili kunywa kuwe karibu; mazoezi ya kasi yanahamia baada ya tarawehe; daku inapewa uji, ndizi na chumvi kidogo zaidi. Umbali wa wiki unashuka, na hakuna rekodi inayotafutwa mwezi huo.

Saa saba

Marikiti kununua ndimu na tende za wiki, sala, wali, kulala kidogo.

Saa kumi na nusu jioni

Vijana wa kasi: mita 1,000 mara tano. Bara wangepumzika dakika mbili kati ya moja na nyingine, hapa tunawapa tatu, wakiwa kivulini na leso iliyofungiwa barafu shingoni. Kasi ya raundi ikianguka kwa zaidi ya sekunde 6, tunasimamisha hata kama zimebaki mbili.

Anayeyumba, anayejibu maswali ovyo au aliyegeuka mkali ghafla anachukuliwa kuwa amepigwa na joto hadi ithibitike vingine. Anapozwa pale pale kwanza, kisha ndipo hospitali: maji ya barafu mwili mzima kama beseni kubwa lipo, au leso zilizoloweshwa kwenye maji ya barafu kichwani, shingoni, kwapani na kinenani, zikibadilishwa kila zinapopata uvuguvugu. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anawaka ni kupoteza dakika zenye thamani kuliko zote.

Saa mbili usiku

Ujumbe wa simu. Wa bara wanaokuja kukimbia Mombasa wanajibiwa jambo moja: njooni siku 10 hadi 14 kabla, mkimbie taratibu saa moja kila siku. Mwili unaongeza maji ya damu, jasho linaanza mapema na kupungua chumvi. Mwenye homa anaambiwa apumzike hadi ipite siku nzima bila dawa. Na yule fundi wa bandarini amepangiwa zamu ya usiku Ijumaa ijayo, kwa hiyo mbio zake ndefu zinahamia Jumapili alfajiri na kupungua kutoka kilomita 22 hadi 16, chupa mbili na nusu za mililita 500, tende sita.