Siku moja kazini Amani: kuupima mti pamoja na jirani zake

Saa 12 asubuhi. Ninakagua fomu, dira, panga na utepe wa kupimia kipenyo, kisha mimi na mzee anayetuongoza tunaanza kupanda kuelekea kiwanja chetu cha kupimia katika msitu wa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kazi yangu ni kufuatilia ukuaji wa miti, na ninaamini kwa dhati kwamba unene wa mti hauelezi jambo kubwa mpaka ujulikane umezungukwa na miti gani.

Saa 2. Mti wa kwanza ni msambu, mti wa asili wa msitu huu. Tunasoma mkanda wa chuma wa kupimia ukuaji, uliofungwa kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, kisha tunaandika kila mti ulio ndani ya mita 10: spishi, kipenyo na umbali. Upande wa mashariki mtambara mkubwa, mti mwingine wa asili, umeubana, kwa hiyo msambu umesukuma karibu matawi yake yote magharibi, kwenye uwazi ulioachwa na mti ulioanguka.

"Huu ni jike, mwanangu," mzee ananiambia. "Dume liko kule bondeni."

Ni kweli, maua ya kiume na ya kike ya msambu huwa kwenye miti tofauti, hivyo jirani anayeupunguzia mwanga, akiwa msambu dume, anaweza pia kuwa ndiye anayeuwezesha kuzaa.

Saa 4. Tunafika penye musizi, kama Waganda wanavyouita mti huu, Maesopsis eminii. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, na ulisambaa sana baada ya uvunaji wa magogo kwa mashine kufungua msitu, huku hondohondo wakila matunda yake na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Hukua haraka kwenye mwanga, hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na majani hayo huoza upesi. Ninapiga magoti: chini yake vidole vinapenya tabaka jembamba na kugusa udongo mara moja, ilhali hatua chache pembeni, chini ya mtambara, ninafunua majani magumu yaliyolaliana, yaliyosukwa pamoja na vijizizi na nyuzi nyeupe za kuvu. Mche ukiota hapa na mwingine pale, hiyo haiwezi kuwa mianzo sawa.

Saa 7. Chakula, na mvua fupi.

Saa 8. Tunahesabu miche. Wanaikolojia Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971 walieleza kwamba mche ulio karibu na mzazi wake huandamwa na wadudu na magonjwa ya spishi yake, hivyo huponea zaidi kati ya miti ya spishi nyingine. Kwa hiyo tunaandika pia mti mkubwa ulio karibu zaidi na kila mche.

Saa 11 jioni. Ofisini ninakokotoa kipimo cha ushindani cha Hegyi cha mwaka 1974, kinachokadiria jinsi jirani wanavyoubana mti: kipenyo cha jirani hugawanywa kwa kipenyo cha mti unaopimwa, kisha kwa umbali, na majibu ya jirani wote hujumlishwa. Kanuni hii ni nzuri, lakini huichukulia musizi na mtambara wenye unene na umbali sawa kana kwamba ni mti uleule, jambo ambalo mtu aliyeshika udongo wao hawezi kulikubali. Kwa sababu hiyo ninakokotoa kila spishi peke yake, na kwa musizi ninaongeza safu ya vipindi ambavyo matawi hubaki bila majani, maana wakati huo mwanga hufika hadi kwenye miche.