Nilivyogawana wazazi na ndugu zangu bila kugombana

Nina miaka 48, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nakaa Makorora. Watoto ni watatu: mkubwa yuko chuo, wa pili kidato cha tano, kitindamimba darasa la sita. Wazazi wako Muheza, baba ana presha, mama sukari na miguu. Mume wangu ni seremala, mwezi huu anapata, ujao hapati. Watu huniuliza nimewezaje, na namshukuru Mungu sasa nina cha kujibu.

Ushauri ulioniumiza kuliko wote ulitoka kwa mwalimu mwenzangu: "Dada, mtumishi asiyekopa hatoki." Mwaka 2018 nikakopa kwa mshahara, miaka sita, hadi ikabaki ile theluthi ambayo hairuhusiwi kukatwa. Hela yote nikaitia kwenye machungwa. Nimekulia chini ya michungwa ya baba, nikaona kazi naijua. Nilinunua matunda yakiwa mtini, mashamba matatu, tukakadiria kwa macho. Baba alizunguka nami, akashika tawi la mti mmoja: "Mwanangu, huu umebeba nje tu. Ingia katikati uangalie." Sikuingia. Siku ya kuchuma mvua ikashika, lori likazama kwenye udongo mwekundu, likalala siku mbili na mzigo mgongoni. Vijana walikata matawi, wakatandika magunia chini ya matairi, wapi! Tulipofika Dar soko limeshajaa machungwa ya wenzetu, yetu yameanza kulainika. Nikauza kwa bei ya kuondoa mzigo. Kama milioni nne hivi zikaishia hapo, na makato yakaendelea kila mwezi. Mwaka ule mama alilazwa mara mbili, na mimi nikawa nakopa dukani hata unga.

Tumezaliwa wanne. Wazazi wakiumwa, simu inakuja kwangu, maana niko karibu na nina mshahara. Nililalamika kwenye kundi la familia, na kila nilipolalamika walinyamaza. Basi nikaacha kulalamika, nikanunua daftari. Mwaka mzima niliandika kila shilingi: dawa, bodaboda ya kliniki, mkaa, mshahara wa binti wa kazi, hata chumvi. Idi ikafika, wote tuko Muheza, pilau limeshaliwa, baba ameenda msikitini. Nikampa kaka mkubwa daftari, nikamwomba alisome yeye kwa sauti. Siri yote iko hapo. Ningesoma mimi, zingekuwa lawama. Alipofika mwezi wa tano akavua miwani, akanitazama: "Bodaboda peke yake elfu arobaini?" Wengine kimya.

Alipomaliza sikuomba pesa. Nilisema kila mtu achague kitu, kiwe chake. Kaka akachukua dawa. Mdogo wangu wa Dar akachukua binti wa kazi. Wifi yangu wa Pangani, ambaye sote tulidhani hana hali, akasema samaki na mboga ni vyake, na tangu siku ile hajakosa wiki hata moja. Mtu ukimwambia achangie elfu ishirini, atachelewa. Akijua dawa ya baba ni yake, anapiga simu mwenyewe kuuliza vimebaki vidonge vingapi.

Bima ya afya nilichelewa kuielewa. Nakatwa asilimia 3, mwajiri anaweka 3 nyingine, na uanachama wangu unabeba mimi, mume na wategemezi wanne. Watoto watatu, kwa hiyo nafasi ya mzazi ni moja. Nilimweka mama, na kila baba alipolipia mfukoni nilikosa usingizi. Mkubwa alipoingia chuo akakatiwa bima ya wanafunzi, 50,400 kwa mwaka, ile nafasi yake nikampa baba. Kaka amebaki na dawa zile ambazo kadi haizifikii. Ukitaka kumwandikisha mzazi, angalia cheti chako cha kuzaliwa mapema. Changu jina la baba lilikuwa na herufi moja ya ziada, na herufi ile ilinizungusha wiki kadhaa.

Mkopo ulipoisha sikuongeza kitu nyumbani. Kiasi kilekile nikakielekeza UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye ule uitwao Mfuko wa Ukwasi, kwa sababu ukihitaji hela inatoka ndani ya siku chache. Hiyo ni ya Januari na Julai. Ada ya shule za serikali imefutwa, tangu 2016 hadi kidato cha nne na tangu 2022 hadi cha sita, lakini mtoto haendi bweni mikono mitupu: godoro, sare, nauli, ndoo.

Mwaka huu nimenunua hati fungani ya serikali, yaani nimeikopesha serikali, kwa mara ya kwanza, kwa kiwango cha chini kabisa, milioni moja. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Hiyo haiguswi na ada wala kliniki. Nimeiweka kwa uzee wangu, nisije nikawa mimi ninayeandikwa kwenye daftari la wanangu.