Mkebe Nyuma ya Maziwa

"Mama, mbona kuna mchanga ndani ya friji?" Binti yangu aliniuliza hivyo jana asubuhi, ameshika mkebe alioukuta nyuma ya maziwa, nami nikaupokea kwa mikono miwili, kwa sababu jibu lake linaanzia mbali, mtaa wa Buruburu, Nairobi, Julai ya mwaka 2009.

Mbegu za jentiana zilitoka Uswisi, kwa familia ambayo Mama aliifanyia kazi kabla haijarejea kwao. Jikoni mwao kulikuwa na kalenda yenye picha ya ua hilo la milima ya Alps, na Mama hakulisahau. Mbegu zake ni ndogo kama chembe za ugoro, na haziamki vyema mpaka zionje baridi, ndiyo maana tulizichanganya na mchanga wenye unyevu tukazihifadhi kwenye friji kwa wiki nane. Udongo wa Buruburu ni ule mweusi unaonata na kutuamisha maji, ambao ungeozesha mizizi katika masika ya kwanza tu, kwa hiyo Mama alijaza chungu kokoto ndogo, mchanga wa mtoni na mboji kidogo. Miaka mitatu tulipata majani matupu. Mwaka huo wa 2009, kuanzia Mei, akawa anakiingiza chungu ndani ya friji kila usiku na kukitoa alfajiri kabla ya kwenda soko la Gikomba, akisema kwamba mmea unadai baridi ya kwao.

Kikatokea kitumba kimoja. Ijumaa moja, baada ya siku nyingi za mawingu, jua lilichomoza saa sita mchana nikiwa nafua uani. Kitumba kilikuwa kimejisokota kama mwavuli uliofungwa. Nilipogeuka tena kilikuwa kimelegea, na kabla sijamaliza kusuuza shuka, kikafunguka kabisa. Nilipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, povu likinikaukia mikononi. Ua lilikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho, limekalia majani kana kwamba halina kikonyo, buluu iliyokolea kama wino, na nilipochungulia kooni mwake niliona madoa ya kijani yaliyoshuka kwa mistari hadi chini kabisa.

Niliwaza kumpelekea Mama chungu sokoni, nikaogopa mtikisiko wa matatu. Saa tisa mawingu yalirudi, ua likajifunga. Mama alilikuta hivyo jioni, na wiki nzima iliyofuata jua halikuonekana, mpaka likanyauka likiwa limefungwa. Mvua za mwaka uliofuata ziliumaliza mmea wenyewe. Hadi alipotutoka, Mama aliniuliza mara nyingi ndani kulikuwaje, nami nilimweleza wino, madoa na mistari, na kila mara alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nianze tena.

Nimemwambia binti yangu kwamba siku litakapochanua, hata akiwa peke yake nyumbani, akibebe chungu anifuate popote nilipo.