Jibini la watawa na deni langu la sarafu

Nilipotimiza miaka 50, madereva wenzangu wa mabasi hapa Leeds, Uingereza, walinichangia zawadi: uanachama wa miezi sita katika klabu ya jibini. Kila mwezi linaletwa sanduku nyumbani, ndani mna vipande vinne na kikaratasi cha kueleza kila kimoja kimetoka wapi. Mimi ni mtu wa Ngamiani, Tanga. Nimekulia mtindi. Jibini nililolijua ni lile linaloyeyukia kwenye baga.

Sanduku la kwanza lilikuja siku ya jua kali, kwa kiasi ambacho Leeds hupata jua kali, na mletaji akaliacha nyuma ya pipa la taka. Nilipotoka kazini nikamkuta Mama Zuhura kasimama mlangoni, kaziba pua kwa mtandio.

"Baba Zuhura, hapa kuna kitu kimekufa."

Kumbe ni Stilton. Jibini hilo huchomwa kwa sindano ndefu za chuma ili hewa iingie ndani na ukungu ustawi, ndiyo maana lina ile mistari ya buluu. Kisheria linaruhusiwa kutengenezwa katika kaunti tatu tu, Derbyshire, Leicestershire na Nottinghamshire. Kijiji chenyewe cha Stilton hakimo! Nililila lote peke yangu, gereji, kwa amri ya mwenye nyumba, yaani Mama Zuhura.

Kabla sijaonja chochote huwa navaa miwani nisome maandishi madogo. Maziwa ya jibini hugandishwa kwa kitu ambacho asili yake hutoka tumboni mwa ndama, na sisi lazima tujue ndama huyo kachinjwa vipi. Wakiandika kwamba linawafaa wasiokula nyama, nasema bismillahi.

Mwezi wa pili likaja Wensleydale. Jeupe, linamomonyoka vidoleni kama kashata isiyoshika vizuri, lina uchachu wa mbali wa mtindi na utamu kidogo nyuma yake. Watu wa Yorkshire, eneo letu hili, hulila na keki ya matunda. Nilicheka, kisha nikajaribu, nikaacha kucheka. Kikaratasi kikasema asili yake ni watawa wa abasia, yaani makao ya watawa, ya Jervaulx. Nikatazama ramani: mbona ni mwendo wa asubuhi moja tu?

Jumapili tukatoka, mimi, Mama Zuhura na Zuhura mwenyewe. Tulianzia Fountains, karibu na Ripon, abasia iliyoanzishwa mwaka 1132 na watawa 13 waliotoka York. Ni pakubwa mno. Ghala lake la chini lina urefu wa kama mita 90, nguzo na matao yamepangana hadi macho yanachoka. Ila kulikuwa na foleni ya tiketi, foleni ya chai na foleni ya kupigia picha, nami foleni naziona wiki nzima.

Jervaulx ni kitu kingine. Pako ndani ya shamba la mtu binafsi. Hakuna geti wala mlinzi, ila kisanduku cha kutumbukizia sarafu kwa uaminifu wako. Kuta zimevunjika, maua yamejiotea katikati ya mawe, kondoo wanakula majani jirani. Inasimuliwa kwamba watawa walianza kwa maziwa ya kondoo, ng'ombe wakaja baadaye. Mwaka 1537 Mfalme Henry VIII akaifunga abasia, na mkuu wake, Adam Sedbar, akauawa kwa kuhusishwa na uasi dhidi ya mfalme. Lakini wakulima wa bonde lile la Wensleydale walikuwa wameshajua kugandisha maziwa, wakaendelea.

Tukakaa juu ya jiwe, labda lilikuwa sehemu ya nguzo. Nikatoa Wensleydale kwenye kopo la plastiki, Zuhura akakata keki. Mama Zuhura alikuwa amejiletea sambusa zake, akatazama pembeni. Dakika kumi hivi baadaye mkono wake ukaja polepole, ukabeba kipande kimoja. Hakusema kitu. Ukaja tena.

Wakati wa kuondoka nikasimama mbele ya kisanduku, napapasa mifuko. Kadi ya benki, kitambulisho cha kazini, tasbihi. Hata senti! Mtu anayeendesha basi siku hizi hugusa sarafu kwa nadra. Zuhura naye ana simu tu.

"Tutarudi," akasema Mama Zuhura, tayari yumo garini. "Na lile jeupe ulibebe tena. Hilo lenye mistari libaki gereji."