Ndugu wa kunyonya yuko wapi humu?

Bodi ya chama chetu ina watu 7, na nikianza kukueleza nani ni nani kwa nani utadhani nakusomea orodha ya mwaliko wa harusi. Mweka hazina na mzee tunayemwita Ami wameoa nyumba moja. Bi Mwenyekiti aliwasomesha nusu ya bodi, mimi nikiwemo. Wawili wengine walinyonya ziwa moja pale Kibokoni. Hapa Mombasa hilo halimshangazi mtu. Ukitaka bodi ya wasiojuana itabidi uwatoe Kisumu, na hao nao wakikaa mwaka utasikia wameshaposa.

Kazi ya chama ni ndogo, ila ina pesa ndani yake. Miradi ya programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, mara nyingi haina akaunti ya benki wala cheti cha usajili. Ni watu watatu wanne wenye kompyuta na moyo. Mfadhili akitaka kuwasaidia, anatuma kwetu, sisi tunalipa na kutunza hesabu. Marekani kuna wenzetu waliotangulia: Software in the Public Interest ilisajiliwa 1997 ili Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ipate pa kuweka michango yake, na Software Freedom Conservancy ikafuata 2006. Sisi ni chumba kimoja juu ya duka la simu Mwembe Tayari, kabati moja la chuma, na mimi katibu.

Kilichotuzindua ni kompyuta 6. Tulizinunua kwa ajili ya maktaba za shule zilizokuwa zikiwekewa Koha, ile programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand. Duka lilikuwa la binamu yake mweka hazina. Kila aliyekuwa kikaoni alijua duka ni la nani, na kwa sababu kila mtu alijua, hakuna aliyesema. Kisha mkaguzi wa hesabu wa mfadhili akaona jina la ukoo kwenye risiti, akaliona tena kwenye hundi. Aliuliza swali moja tu kwa barua pepe: bei za maduka mengine ziko wapi?

Hatukuwa nazo. Baadaye nilizunguka Digo Road nzima na kalamu mkononi, nikakuta bei ya binamu ndiyo iliyokuwa nafuu kuliko zote. Haikusaidia. Karatasi iliyotafutwa baada ya swali haina uzito wa iliyokuwepo kabla yake. Awamu ya pili ya ruzuku ikakaa miezi 4, na muda wote huo mweka hazina, mtu ambaye hajachukua hata shilingi, alikuwa akitoka msikitini kwa mlango wa nyuma. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Nikatumwa niandike kanuni za mgongano wa maslahi. Nilifanya wanavyofanya makatibu wote: nikatazama za wengine. Nilianza na za mashirika ya Marekani, ambayo fomu yao ya kila mwaka ya mamlaka ya kodi huwauliza wazi kama wanazo kanuni hizo kwa maandishi. Nikasoma pia za The Document Foundation ya Ujerumani, walezi wa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisini. Hao walizaliwa na mtengano wa 2010: kampuni ya Oracle ilikuwa imeinunua Sun, iliyokuwa ikimiliki OpenOffice, na wengi waliokuwa wakiijenga programu hiyo wakajitoa ili kazi yao isikae mkononi mwa kampuni moja. Ndiyo maana katiba yao haikubali watu wa kampuni moja kuzidi thuluthi ya bodi. Niliipenda, nikaichukua.

Rasimu niliipeleka kikaoni nikiwa na kiburi kidogo. Ami akavaa miwani, akafika pale pameandikwa jamaa wa karibu maana yake ni mume, mke, mzazi, mtoto na ndugu, akasimama.

"Katibu, na ndugu wa kunyonya yuko wapi humu?"

"Hayumo, Ami."

"Yaani huyo kumuoa ni haramu, lakini kumpa zabuni ni halali?"

Watu walicheka mpaka mwenye duka la simu akapanda kuuliza kuna nini. Lakini mlango ulikuwa umefunguka. Shemeji naye? Mkwe? Somo aliyemfunda mkeo? Maalim aliyekusomesha Kurani chuoni, ambaye hata leo ukikutana naye unaficha sigara? Mwenye nyumba unayempa kodi? Adhana ya isha ilitukuta mstari wa 19 na watani hatujawafikia bado.

Bi Mwenyekiti ndiye aliyetuokoa. "Futa yote, mwanangu. Muulize mtu swali moja: huyu akiikosa kazi hii, ni nani atakayekupigia simu usiku? Kama yuko wa kupiga, andika."

Maneno hayo ndiyo yaliyomo kwenye kanuni zetu mpaka leo, karibu neno kwa neno. Ile thuluthi tuliibakisha, ila tukaongeza: kampuni moja au nyumba moja. Kwa watu 7 maana yake ni wawili, na kwa bahati tulikuwa na wawili hasa.

Nikanunua daftari la kijani, lile nene la dukani, nikapiga mistari: tarehe, jina, jambo, uhusiano, uamuzi. Kila kikao, baada ya dua na kabla ya kumbukumbu kusomwa, naulizia nani ana la kuandika. Vikao viwili vya mwanzo kila mtu alitazama dari. Cha tatu nikaandika langu mwenyewe, kwamba mpwa wangu ameomba kazi ya kutunza seva. Masikio yaliniwaka. Kazi hakuipata, na dada yangu alininunia mpaka Idi. Lakini wiki ile ile kijana wetu mdogo kuliko wote akaja kuandika: "Nadaiwa shilingi 15,000 na mwenye duka aliyeleta bei ya printa. Sijamaliza kulipa." Kwangu mimi hilo ndilo andiko bora kuliko yote humo. Ndugu unaweza kumkimbia, lakini anayekudai utakutana naye tu.

Kwenye programu huria kuna fundo jingine ambalo kanuni za kuazima hazilifungui vizuri. Koha imeandikwa kwa Perl, lugha ya kuandikia programu, na hapa mjini ninaowajua wanaoiandika Perl kwa raha ni wawili: mmoja yuko kwenye bodi, wa pili ni mwanafunzi wake. Shule zikalalamika kwamba lebo za mgongoni mwa vitabu zinachapishwa vibaya kwenye karatasi ndogo, wakataka irekebishwe kwa malipo. Tungesema mjumbe wa bodi haruhusiwi kulipwa, lebo zingebaki vile vile. Basi tukagawanya mikono. Shule ndizo ziombe, kwa barua. Bodi bila yeye iamue na ipange malipo. Yeye afanye.

Siku ya kuamua alitoka nje, akasimama kwenye korido na mlango wazi. Tunamsikia akikohoa. Nani angesema bei ni kubwa? Tuliahirisha. Kikao kilichofuata alishuka chini kabisa kwa muuza kahawa, akakaa na kikombe chake na kashata mpaka nilipompigia simu. Tangu hapo kujitoa kwetu ni kushuka ngazi.

Kukagua ndiko kulikotukwamisha. Mwanafunzi amkague mwalimu wake? Jibu tulilipata ndani ya programu huria yenyewe. Kiraka cha Koha, yaani kipande cha marekebisho, hakiingii kwenye programu mpaka mtu mwingine akijaribu na kukitia saini, kisha timu ya ubora ikipitishe, na hao wako pande zote za dunia. Tukapanga malipo yote yasubiri hapo.

Lilikuwa kosa, na nakiri mimi ndiye niliyelisukuma. Wiki zikapita. Jamaa akanipigia: "Katibu, mwenye nyumba wangu wa Tudor haijui timu ya ubora." Alikuwa na haki, si yeye wa kubeba gharama ya tahadhari yetu. Tukabadilisha: katika 45,000, alipwe 30,000 akishatuma kiraka, na 15,000 kikikubaliwa. Kilirudishwa mara mbili. Mara ya pili mtu wa mbali, ambaye kwa maneno yake hajui hata herufi moja ya Kiarabu, aligundua kwamba vichwa vya vitabu vya Kiarabu vinakatika pembeni ya lebo. Sisi tulijaribu kwa vitabu vya Kiswahili tu, katika mji wenye vyuo vya Kurani kila mtaa! Jamaa yetu akarekebisha, kikapita, akalipwa.

Binamu wa duka bado anauza. Analeta bei yake kwenye bahasha pamoja na wengine, na kati ya mara tatu ameshinda moja. Mweka hazina siku hizo anashuka ngazi.

Mwezi uliopita Ami alikuja ofisini mapema, akaomba daftari, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kulala: "Mimi na muuza kahawa wa chini ni watani tangu utotoni. Chama kinanunua kahawa kwake kila kikao." Nikadhani ni mzaha, lakini alinitazama bila kucheka. Nikaipa namba, 31, na kwenye safu ya uamuzi bodi ikaandikisha: aruhusiwe kunywa, asiruhusiwe kulipa.