Dover kumfuata Allectus, kaizari wa miaka mitatu

Jamani Dover kuna upepo, acha kabisa. Treni ya kasi kutoka stesheni ya St Pancras, London, inachukua saa moja na kitu, ukishuka tu unaiona ngome kule juu kilimani na unajua leo miguu itakoma. Wengi wanakuja kupiga picha miamba myeupe, mimi nilifuata habari ya sarafu.

2019 jamaa mmoja alikuwa anapitisha kifaa chake cha kutafutia vyuma kwenye shamba lililolimwa karibu na Dover, akaokota kisarafu cha dhahabu cha gramu 4.31. British Museum wakakikagua wakasema ndo chenyewe, kikaenda mnadani London, wamekadiria pauni 70,000 mpaka 100,000, kikaondoka kwa pauni 552,000!! Mbele kuna sura ya Allectus kavaa taji la majani, nyuma mungu Apollo na mateka wawili wamempigia magoti. Sarafu za dhahabu za Allectus zilizojulikana duniani wakati ule zilikuwa 24 tu.

Sasa huyu Allectus. Mwaka 286 hivi mkuu wa meli za kivita za Warumi, Carausius, aliyetumwa kudhibiti maharamia, akatuhumiwa kula ngawira, aliposikia anatafutwa auawe akaona bora ajitangaze kaizari wa Uingereza. Allectus alikuwa mtu wake wa hela. 293 bosi kanyang'anywa bandari ya Boulogne ng'ambo ya maji, Allectus akammaliza akakaa yeye. Sina huruma naye kivile, ila ukishamuua bosi wa askari unafanyaje? Unawapa dhahabu yenye sura yako, basi.

Ndani ya ngome kuna mnara wa taa wa Warumi, sehemu yao imebaki kama mita 13, kipande cha juu kilijengwa baadaye sana kanisa la pembeni lilipougeuza mnara wa kengele. Nilisimama hapo muda mrefu maana ulikuwepo kabla ya Allectus, kwa hiyo meli zake zilikuwa zinauona. Mjini chini kuna nyumba ya Kirumi yenye kuta za rangi, ilijengwa kama mwaka 200, halafu askari wa Kirumi wenyewe wakapitisha ukuta wa ngome mpya juu yake wakaifukia, na kufukiwa huko ndo kumeziokoa zile rangi.

Siku hiyo hakukuwa na ukungu, Ufaransa unaiona kwa macho. Allectus hakupata bahati hiyo, 296 meli za Asclepiodotus, mtu wa Constantius, kaizari mdogo wa Roma, zilipita kwenye ukungu karibu na kisiwa cha Wight bila meli zake kuziona, zikashusha jeshi, wakazichoma meli zao wenyewe ili asirudi mtu. Allectus akakimbilia vitani hata hajajipanga, akauawa, na maiti yake ikakutwa bila joho la kikaizari, inaonekana alilivua asitambulike. Yaani umetengeneza dhahabu ili watu wakujue sura halafu mwisho unaificha!

Constantius naye akatoa medali yake ya dhahabu, yeye juu ya farasi na London imempigia magoti langoni, imeandikwa amerudisha nuru ya milele, majigambo hayo. Ilichimbuliwa 1922 karibu na Arras, na Arras ni Ufaransa, na feri za Calais zinatoka hapo hapo Dover, kwa hiyo viza ikitoka tu naenda.