Dagaa katika mfuko wa jaketi

Mvua ya jana usiku ilileta baridi, nikalishusha lile jaketi la kijani kutoka nyuma ya mlango. Kitinda mimba wangu akaingiza mkono mfukoni kutafuta pipi, akatoka na dagaa wawili wakavu, mmoja hana kichwa. Akanusa, akakunja pua.

"Mama, hawa wa nani?"

"Wa Bobi."

Mwanangu hakumkuta Bobi, mbwa wetu wa zamani. Anamjua kwa picha ya sebuleni na kwa masimulizi ya kaka zake. Nikamweleza kwamba Bobi alikuwa akipigiwa filimbi anarudi, akirudi anapewa dagaa. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo alikuwa anarudi kwako au kwa dagaa?"

Nikamwambia avae viatu, gari la shule linakuja. Lakini swali limenikaa kifuani tangu asubuhi.

Mnaoikumbuka nyumba yetu ya Kihonda, hapa Morogoro, mnajua kwamba Bobi hatukumchagua. Wapangaji walihama, wakamwacha na mnyororo wake. Mchana kafungwa, usiku kafunguliwa, ndivyo mbwa wengi wa mitaani kwetu wanavyoishi. Geti likisahauliwa wazi, huyo, kachomoka! Nasi nyuma yake, mimi, wanangu na watoto wa mtaa mzima, tukipiga kelele, naye anazidi mbio, maana mbwa akikimbizwa anaona ni mchezo. Jioni anarudi mwenyewe, ulimi nje, na mimi ninamsubiri na kandambili mkononi.

Nayaandika haya kwa uchungu. Nilimpiga kila aliporudi, nikiamini ninamwadhibu kwa kutoroka. Ilipofika mwezi wa tatu akawa hafiki tena. Alisimama hatua kama kumi kutoka nilipo, mkia kaufyata, macho yako kwenye mkono wangu. Nikimwita, analala chini palepale. Nikisogea, anarudi nyuma.

Jirani yetu, yule mzee aliyekuwa akifundisha panya kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliyaona yote akiwa upande wa pili wa michongoma. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, huyo umemfundisha vizuri sana kutorudi," akasema. "Anapotoroka hapati kitu kibaya. Anaporudi ndipo anapigwa. Sasa wewe ungekuwa yeye, ungerudi?"

Nilikosa la kujibu. Akanieleza habari za panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya pale chuoni, wale wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kwanza panya anasikilizishwa mlio wa kidude kidogo, "tik", na papo hapo anapewa ndizi iliyopondwa na karanga. Tik, chakula. Tik, chakula. Siku nyingi, mpaka mlio wenyewe unakuwa ahadi. Baadaye panya akifanya sawa anasikia ule mlio, anajua mara moja ni lipi alilopatia. Fimbo haina kazi pale. (Mwaka 2020, Magawa, panya aliyezaliwa hapa hapa SUA, alipopewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, kwa mabomu aliyoyanusa huko Kambodia, nilimkumbuka yule mzee nikalengwa na machozi. Mikono kama yake ndiyo iliyowalea panya wale.)

Akaniambia nisimwite tena Bobi kwa jina ninapotaka arudi. Jina lilikuwa limeshaharibika; mbwa akilisikia anasikia kandambili. Ninunue filimbi, kwa sababu filimbi haijui hasira wala hofu, inalia vilevile siku zote. Pigo mbili fupi, basi.

Wiki ya kwanza sikumtaka afanye lolote. Uani, yeye akiwa miguuni pangu: filimbi, dagaa. Filimbi, dagaa. Kisha hatua tano. Kisha kona ya nyumba, nisionekane. Tukaingia kwenye kamba ya katani ya mita kumi, ambayo ilinichubua viganja mpaka nikavifunga vipande vya kanga. Kamba haikuwa ya kumvuta, ilikuwa ya kumzuia asiende mbali tu. Kumfuata nilikatazwa kabisa. Nikitaka aje, nirudi kinyumenyume, nimpe sababu ya kunifuata. Na akija, hata kama amechelewa, hata kama ametoka kufukuza kuku wa watu, apokewe kama mgeni.

Jambo lililonipa tabu kuliko yote ni la mwisho: akifika nimpe dagaa, nishike ukosi wake, halafu nimwachie aende tena. Moyo ulikataa. Ameshakuja, kwa nini nimwachie? Mzee akasema mbwa akishajua kwamba filimbi ndiyo mwisho wa uhuru wake, hatakuja. Katika mara kumi, tisa aende tena akacheze.

Tulianza kiangazi. Vuli ilipoingia, chanjo yake ya kichaa cha mbwa ikiwa tayari, tukaanza kwenda Mazimbu Jumamosi asubuhi. Pale pametulia. Majengo waliyoyajenga wapigania uhuru wa ANC wa Afrika Kusini yako pale, makaburi yao yako pale. Wenyewe walirudi kwao, na mwaka 1992 eneo lote likabaki mikononi mwetu. Kuna majani mapana ambapo mbwa anaweza kukimbia mpaka akawa nukta. Ndipo nilipomfungua kamba.

Siku ninayoisema, dagaa walikuwa wamekwisha. Nilikuwa nimempigia filimbi mara nyingi na kila mara alikuja, nikafurahi nikagawa bila kuhesabu. Nilikuwa ninaikunjua kamba nimfunge twende nyumbani, nikasikia njuga. Nyuma ya miembe wakatokea mbuzi, kundi zima, na kijana wa Kimaasai nyuma yao.

Bobi alikuwa mbali, katikati yetu na wale mbuzi. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akauacha hewani. Sikio la kushoto likasimama. Kisha akashuka chini, mgongo sawasawa na majani, akaondoka.

Kijana akapandisha fimbo begani. Sikumlaumu. Kwetu mbwa asiye na kamba akija mbio hakuna anayengoja kujua kama amechanjwa.

Midomo yangu ilikuwa mikavu. Pumzi ya kwanza ilitoka hewa tupu. Ya pili ikalia, mbili fupi. Bobi hakusimama. Nilitamani kupiga tena na tena, nilitamani kuliita jina lake, nilitamani kumkimbilia. Nikakumbuka viganja vyangu na ile kamba. Nikageuka, nikampa mgongo, nikakimbia kwenda upande mwingine.

Sijawahi kukimbia vile. Sikuwa ninaona chochote ila majani yenye umande na ncha za viatu vyangu. Njuga zilikuwa zinalia zote kwa pamoja, ovyo, kama mbuzi wametawanyika. Nilingoja kusikia fimbo ikitua. Nilingoja kusikia Bobi akilia. Nilisikia pumzi yangu, na filimbi ikigonga kifungo cha jaketi, tak, tak, tak, na nikajiambia nisigeuke, nisigeuke, nikigeuka nitasimama.

Halafu nyuma yangu majani yakaanza kuchapwa, haraka haraka, miguu minne.

Alinipita kwanza, kisha akazunguka akaja akakaa mbele yangu, ubavu unapanda na kushuka. Pua yake ikaingia moja kwa moja mfukoni. Mfuko wa kushoto, mtupu. Wa kulia, mtupu. Akaniangalia. Nilipiga magoti, nikafungua kiganja nikampa, maana sikuwa na kingine. Akakilamba. Taratibu, kati ya vidole, mpaka kwenye kifundo cha mkono.

Yule kijana alifika, fimbo imeshashuka. Akatuangalia, akasema, "Mbwa wako anasikia," akaenda zake kukusanya mbuzi.

Bobi aliishi miaka saba baada ya hapo. Alizeeka, akapoteza macho, akafia chini ya mpera. Filimbi waliichukua wanangu kuamulia mpira. Na mimi, tangu siku ile ya mbuzi, sikutoka tena naye mifuko ikiwa mitupu.

Jioni hii mtoto amerudi, nimemsimulia. Nimemwonyesha kiganja kilipolambwa. Amekishika, amekigeuza kwenye taa.

"Lakini mama, si ulikuwa umeshika dagaa asubuhi nzima? Mkono ulikuwa na chumvi."

Nikamwambia ndiyo, ulikuwa na chumvi. Amekaa kimya, kisha amewachukua wale dagaa wawili pale mezani, akaenda kuwarudisha mfukoni.